Siku mwenyekiti anapoondoka na muhuri

Mali yote ya kikundi kidogo cha kujitolea huenea katika bahasha moja ya kaki: cheti cha usajili, katiba ya kurasa chache iliyonakiliwa kutoka kwa kikundi jirani, kitabu cha hundi, daftari la mihtasari na muhuri wa mpira. Bahasha hiyo hulala juu ya kabati la mtu, na mtu huyo aghalabu ni mwenyekiti. Siku atakapopata kazi Kisumu, au mkataba wa miaka miwili Doha, au akikosana na katibu kwa kisa ambacho kila mmoja anakisimulia kivyake, bahasha huondoka naye. Hakuna wizi uliotokea. Hakuna tu aliyekumbuka kuidai.

Siku hizi yaliyomo kwenye simu yake ni mazito kuliko yaliyomo kwenye bahasha. Laini ya M-Pesa inayopokea michango imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Nambari ya afisa wa kaunti anayetoa ruhusa ya kutumia uwanja iko kwake. Nenosiri la ukurasa wa Facebook analijua yeye na mpwa wake aliyeufungua. Kiongozi mpya huchaguliwa kwa makofi Jumapili alasiri, na Jumatatu asubuhi akagundua amepewa cheo kisicho na funguo.

Yanayofuata anayajua kila aliyewahi kuwa mwanachama wa kikundi cha namna hii. Mavolantia huanza kuchelewa, kisha hutuma udhuru, kisha hunyamaza. Kwenye kundi la WhatsApp zinatokea zile sentensi fupi za kijivu zinazotangaza kwamba fulani ameondoka. Pengine hizo ndizo takwimu za kweli kuliko zote ambazo kikundi kitawahi kuwa nazo. Waliobaki uongozini hutoa maelezo yale yale: vijana wa leo wanataka pesa, moyo wa kujitolea umekufa.

Maelezo hayo yana raha yake, kwa kuwa hayamlaumu yeyote aliyemo kikaoni. Lakini ukiangalia vikundi vilivyodumu, na vipo, unakuta mambo yalikuwa mengine kabisa.

Tuanzie shambani. Wakikuyu waliita ngwatio, Wajaluo wakaita saga, na upande wa pili wa mpaka Wapare wana msaragambo: watu wanakusanya nguvu zao, leo kwako, kesho kwangu, au wote kwa pamoja kwenye mfereji na barabara. Aliyeletewa majembe kumi leo alijua ni mashamba mangapi anadaiwa. Ukisikia wanasiasa wakiusifu moyo wa babu zetu unaweza kudhani wazee hao walitoa bila kuhesabu. Walihesabu sana. Tofauti ni kwamba hesabu ilikaa vichwani mwa wote, kwa hiyo hapakuwa na mtu mmoja wa kuhama nayo.

Kijana anayefundisha watoto hisabati kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa hamlimii jirani atakayemlimia kesho. Anaweka kitu mahali, na anayejua ameweka kiasi gani ni kiongozi wake peke yake. Kiongozi ndiye anayekumbuka kwamba alikuja hata siku ya mvua. Ndiye atakayemwandikia barua ya kumpendekeza chuoni, ndiye anayemtaja mbele ya mfadhili. Kiongozi huyo akiondoka, akiba yote hufutika usiku mmoja. Mgeni anayekalia kiti humwona mtu mwenye jasho la miaka mitatu sawasawa na aliyejiunga jana. Hapo ndipo udhuru wa kwanza unapotumwa.

Mfano wa watu walioliona tatizo hili mapema uko Mathare, Nairobi, bondeni chini ya Eastleigh. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada aliyekuwa mshauri wa masuala ya mazingira na maendeleo, alianzisha huko pamoja na vijana wa mtaani chama cha michezo kinachojulikana kwa herufi zake, MYSA. Watoto walikuwa wakicheza mpira wa majuala yaliyofungwa kwa kamba. Walitaka mpira wa kweli, refa na ligi. Makubaliano yalikuwa mepesi kueleweka hata na mtoto wa miaka tisa: ukifanya kitu, chama nacho kitafanya kitu, usipofanya, nacho hakifanyi.

Kitu chenyewe kilikuwa taka. Mitaro ya Mathare ilikuwa imeziba, na maji machafu yalipita milangoni mwa watu. Basi ligi ikapangwa kwa namna ambayo haijaonekana kwenye ligi nyingi duniani: timu iliyokamilisha usafi wa mtaa wake ilipata pointi 6 kwenye jedwali, zaidi ya zile za kushinda mechi. Timu ingeweza kufungwa uwanjani Jumamosi na bado ikapanda ngazi kwa koleo na toroli. Na iliyokuwa na washambuliaji hodari lakini wavivu wa kufagia iliona ubingwa ukiipita.

Pointi hazikuishia kwa timu. Kila aliyejitolea alikuwa na hesabu yake: kufundisha watoto wadogo, kuchezesha mechi kama refa, kuongoza usafi, kuelimisha wenzake kuhusu ukimwi wakati ugonjwa huo ulipokuwa ukisemwa kwa kunong'ona. Waliokuwa na pointi nyingi walipata tuzo ya uongozi, na fedha za tuzo hiyo hazikupita mkononi mwa mtu. Zililipwa shuleni kama karo. Mzazi wa Mathare aliyekuwa akimfokea mwanawe kwa kupoteza muda uwanjani alianza kumwuliza mechi ni saa ngapi.

Kuna watakaosema huko si kujitolea, ni kibarua kwa jina jingine. Mkulima wa ngwatio asingelielewa swali.

Jambo linalogusa zaidi mada yetu ni jinsi MYSA ilivyolichukulia suala la viongozi kubadilika. Chama kiliendeshwa na kamati za kanda zilizochaguliwa na vijana wenyewe, wengi wao wa umri wa shule. Kiongozi wa miaka 16 hana budi kukua. Atamaliza shule, atatafuta kazi, ataoa au ataolewa, ataondoka. Kwa kikundi cha kawaida hilo ni balaa. Kwa MYSA lilikuwa kama mwanafunzi kupanda darasa. Kocha wa leo alikuwa mchezaji wa juzi, na mchezaji aliyekuwa akimwangalia alijua kiti kile kitakuwa wazi karibuni. Na kwa kuwa pointi ziliandikwa katika rejista ya chama, wala hazikukaa kichwani mwa kocha, mwenye kuondoka hakuondoka na akiba ya watu. Mrithi wake alifungua rejista akamkuta kila mtu na stahili yake.

Kutoka hapo ndipo zilipochipuka timu za wasichana miaka ya tisini, kazi ya kuwapelekea chakula watoto waliozuiliwa kwenye seli, na klabu ya Mathare United iliyoundwa mwaka 1994. Klabu hiyo ilitwaa Kombe la Moi Golden mwaka 1998, na miaka kumi baadaye, 2008, ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Kwa chama kilichoanza na majuala na kamba, si haba.

Hata hivyo mwandishi wa habari mkweli atataja na upande wa pili. Ngazi za chini zilibadilika kila mara, lakini Munro mwenyewe alibaki karibu na kazi aliyoianzisha, kwenye chama na kwenye klabu, kwa miaka mingi. Kiti cha mwasisi ndicho kizito kuliko vyote kusogezwa, na hilo si la Mathare peke yake.

Vuguvugu la Green Belt linalijua hilo kuliko mashirika mengi. Lilizaliwa ndani ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na tarehe 5 Juni 1977 miti saba ikapandwa katika uwanja wa Kamukunji. Wangari Maathai, profesa wa anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwaendea akina mama wa vijijini akawaomba waoteshe miche. Wataalamu wa misitu walikuja kufundisha kwa maneno mazito. Akina mama wakarudi kwenye ujuzi waliokuwa nao wa mbegu na udongo, na wakajipatia jina la mabwana misitu wasio na diploma.

Kwa kila mche walilipwa kiasi kidogo mno, senti chache za dola, na kwa sharti moja: uwe umepandwa na umeshika, yaani u hai. Ilibidi mtu apite shambani kuhesabu, ajaze fomu, arudi tena kuhakikisha. Mama wa Nyeri au Murang'a alijua miche yake iliyosimama ni mingapi, na alijua kwamba Nairobi nako wanajua. Malipo hayakutosha kununua kilo ya sukari kwa mche mmoja, lakini hesabu ilikuwa yake, imeandikwa. Miti iliyopandwa na vuguvugu hilo tangu mwanzo imepita milioni 51.

Sasa mwangalie mwasisi. Mwaka 1989 Maathai alipopinga mnara wa ghorofa 60 uliokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, serikali ililifukuza shirika kwenye jengo lake. Akalihamishia nyumbani kwake, South C. Kwa miaka kadhaa ofisi, mwasisi na sebule vikawa kitu kimoja. Hakuna mtaalamu wa utawala bora atakayeusifu mpangilio huo, na bila huo shirika lingekufa. Hili ndilo linalozifanya habari za waasisi kuwa ngumu kuliko zinavyosemwa kwenye semina za mahotelini: mtu anayekiokoa kikundi ndiye huyo huyo ambaye baadaye kikundi hakijui kutembea bila yeye.

Maathai aliacha mambo mawili yaliyosaidia. La kwanza, aliandika. Hatua kumi za kuanzisha kikundi cha miche, kutoka kuwaeleza wanakijiji hadi kukagua miti iliyoshika, zilikuwa kwenye karatasi, na mwenyewe alitoa kitabu kizima kuhusu mbinu na uzoefu wa vuguvugu lake. Waasisi wengi huahidi kuandika wakistaafu. La pili lilitokea lenyewe: Desemba 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu, mwaka uliofuata akateuliwa naibu waziri wa mazingira, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Mtu mwenye shughuli hizo hawezi kuwa kwenye dawati la shirika kila asubuhi. Alipofariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, vuguvugu lilikuwa limekwisha kuonja maisha ya bosi asiyekuwepo. Limepita mikononi mwa wakurugenzi kadhaa tangu wakati huo, na bado linapanda miti. Ila jina halikabidhiwi kwa hati. Milango iliyofunguka kwa sababu anayebisha ni Wangari, mrithi hana budi kuibisha upya, mmoja mmoja.

Na pesa je? Hoja ya viongozi waliokata tamaa haiwezi kupuuzwa, maana serikali zenyewe zimeikubali. Kenya ilitegemea wahudumu wa afya wa jamii kwa miongo, wengi wao wanawake, wakizunguka nyumba kwa nyumba kwa ahsante na fulana. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wapatao 100,000 wenye vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Tanzania nayo ilizindua mwanzoni mwa 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwapata zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, nao wawe na posho. Mtu anayepima presha ya vikongwe wa kijiji kizima anastahili kulipwa. Hilo halina mjadala. Lakini posho ina tabia yake. Ikichelewa miezi mitatu, aliyekuwa akija bure kwa furaha miaka kumi huacha kwa hasira, kwa sababu sasa deni lina tarakimu na mdaiwa anajulikana. Kikundi kidogo kisicho na uhakika wa fedha za mwezi ujao kifikiri mara mbili kabla ya kutangaza posho. Nauli, chai na bando la intaneti, vikilipwa siku ile ile, hudumisha watu kuliko ahadi nono.

Kuna mtu mwingine ambaye hesabu yake haiandikwi popote, naye ni mwenyekiti mwenyewe. Katika mazungumzo kuhusu mavolantia husahaulika kwamba kiongozi wa kikundi kidogo ni volantia pia, tena aliyechoka kuliko wote. Ametumia muda wake wa maongezi, mafuta yake, Jumamosi zake. Alipiga simu usiku kumtafutia mtoto wa mwanachama kitanda hospitalini. Miaka sita baadaye mkutano mkuu unamwondoa kwa kura 14 dhidi ya 11, na hakuna hata anayesimama kusema kazi uliyofanya tumeiona. Mtu wa namna hiyo akichelewa kurudisha muhuri, je, ni uchu wa madaraka? Pengine. Pengine pia anashikilia kitu pekee kinachothibitisha kwamba miaka ile ilikuwepo.

Vikundi vingine humpa cheo cha mlezi. Ni suluhisho la heshima na lina hatari yake, maana wapo walezi wanaohudhuria kila kikao na kumkatiza mwenyekiti mpya kila anapofungua kinywa. Afadhali mlezi mwenye kazi moja inayotajika, kwa mfano kukaa na wafadhili wa zamani, na anayeitwa anapohitajika.

Sheria inasaidia kiasi. Kenya ilipitisha mwaka 2022 sheria ya usajili wa vikundi vya jamii, na tarehe 14 Mei 2024 sheria ya mashirika ya manufaa kwa umma ya mwaka 2013 ikaanza kutumika baada ya kusubiriwa miaka kumi na moja. Benki nayo haibadilishi watia saini bila kuletewa muhtasari wa kikao kilichoamua, hivyo kikundi kisichoandika mihtasari hujikuta na fedha kisizoweza kuzitoa. Ila sheria inamjua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Haimjui binti anayefika kwanza kufungua ukumbi na kupanga viti. Huyo atajulikana tu ikiwa kikundi kina daftari la jina lake, tarehe aliyoanza na kazi alizofanya, na daftari hilo likasomwa mbele ya kiongozi mpya siku ya kukabidhiana, pamoja na funguo, nenosiri na laini iliyohamishiwa jina la kikundi. Daftari la kurasa 96 halizidi bei ya sahani ya chipsi.

Yapo maeneo ambako daftari lenyewe ni la kijiji kizima. Gazi ni kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, kusini ya Mombasa, mahali ambapo mikoko ilikatwa kwa miaka mingi kuwa boriti na kuni. Wanakijiji wa Gazi na wenzao wa Makongeni, wakisaidiwa na watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, walianza mwaka 2013 kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Mradi unaitwa Mikoko Pamoja, na ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kwa mikoko. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hauna ukubwa wa kutisha. Mapato ya miaka ya mwanzo yalikuwa kiasi cha dola 12,000 kwa mwaka, fedha ambazo shirika kubwa lingezimaliza kwenye warsha moja. Kazi ya kuusimamia hufanywa na kamati iliyochaguliwa kutoka vijiji hivyo viwili, na wanakijiji hujitokeza kupanda miche ya mlilana, aina mojawapo ya mikoko, ufukweni, na mvinje nchi kavu ili watu wapate miti ya kujengea bila kuigusa mikoko. Fedha zikiingia, wananchi hukaa barazani kuamua zifanye nini. Zimefanya maji ya bomba, zimenunua vitabu vya shule. Mama anayechota maji pale hahitaji kumwuliza mwenyekiti kama jasho lake la matopeni lilihesabiwa; amelijaza ndooni. Wajumbe wa kamati wanaweza kubadilika na bomba likabaki pale pale, na majirani wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, walipoona hivyo walianzisha mradi wao.

Kipindi cha mradi wa Gazi ni miaka 20. Hakuna mwenyekiti wa kikundi anayekaa muda huo, wala hapaswi. Itakapofika 2033 mtoto aliyezaliwa kijijini hapo mwaka mradi ulipoanza atakuwa na umri wa kutosha kugombea nafasi kwenye kamati, na mlilana uliopandwa mwaka aliozaliwa utakuwa umempita kimo kwa mbali.